Sinema za Kumsimulia Mama Mkwe

Maoni yangu kuhusu sinema hayajawahi kuombwa na mtu yeyote, kwa hiyo nayatoa bila kuombwa. Kwanza, filamu nzuri humwonyesha mtu mbaya mapema, usije ukamhurumia bure. Pili, watu wasife kwa mapenzi. Nimeishi kando ya ziwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimeona watu wakifa kwa malaria, kwa kuzama, kwa kiboko, kwa uzazi na kwa ubishi, lakini wa mapenzi bado namsubiri. Tatu, zile filamu za Wazungu wenye kofia pana na bastola, eti wachunga ng'ombe, mimi sizitaki. Ng'ombe mia tatu wanapita mbele yako, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna hata mmoja anayekamuliwa. Hakuna kibuyu, hakuna ndama aliyefungwa, hakuna mwanamke anayeuliza maziwa yako wapi. Watu wa namna hiyo wakipigwa risasi mimi sisikitiki sana.

Elimu yangu yote ya sinema niliipata mjini Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, ndani ya ghala la pamba. Ghala lilikuwa la mfanyabiashara Mhindi. Msimu wa pamba ukiisha lilibaki tupu, naye hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kikae tupu. Jumapili alasiri aliziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka nyeupe ukutani, na shemeji yake akawasha mtambo. Vumbi la pamba lilikuwa bado liko hewani, kwa hiyo watu walipiga chafya kwenye harusi na kwenye mazishi bila ubaguzi.

Filamu zilikuwa nne tu. Zilirudiwa bila mpangilio. Zote zilikuwa za Kihindi, za saa tatu, na hakuna aliyeelewa neno isipokuwa shemeji, ambaye alisimama kando ya mtambo akitufafanulia kwa Kiswahili chake. "Huyu mbaya kabisa!" angepaza sauti. "Huyu mama yake, lakini yeye hapana jua!" Na wimbo ulipoanza: "Sasa naimba tu, nyinyi pumzika!" Mengine yote tulijijazia wenyewe. Nasema hivi mapema ili isionekane kwamba nilianza uongo ghafla. Tangu siku ya kwanza kila aliyetoka ghalani alitoka na filamu yake.

Mimi nilikuwa na sababu ya kwenda. Nimezaliwa Migori, nikaolewa kwenye boma moja kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Homa Bay kwa miguu. Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti, na alikuwa na kasoro moja tu: daima alikubaliana na mtu aliyesema mwisho. Ukitaka kujua msimamo wake, ungeuliza nani alitoka kuzungumza naye.

Boma lilikuwa la mama mkwe. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, mwimbaji katika kanisa letu linaloshika Sabato. Kwake sinema ilikuwa dhambi, na hilo halikuwa na mjadala. Lakini alikuwa ameifikiria dhambi hiyo kwa makini akaona iko machoni. Kutazama ni dhambi. Kusikia ni habari tu, na habari hata mchungaji anasikiliza. Basi kila Jumapili nilitumwa mjini kununua chumvi, ambayo nyumbani ilikuwa imejaa debe, na nikirudi ningemkuta amekaa nje ya jiko, kisu mkononi, karai la ngege mbele yake, akipara samaki polepole ili wasimalizike kabla ya hadithi.

"Haya, nyar Migori," angeniambia, yaani binti wa Migori, maana kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka. Tulizungumza Kijaluo, hapa nawasemesha Kiswahili, na natumaini watanisamehe. "Chumvi inasemaje leo?"

Nimesikia watu wengi wakichambua filamu tangu siku hizo. Wajukuu wa majirani zangu hawaachi kunieleza tamthilia za televisheni zinazotoka nchi za mbali, ambazo midomo inasema hivi na sauti inasema vile, na ambazo mtu anaweza kufa Jumatatu akarudi Alhamisi akiwa na nywele mpya. Nazitazama pia, sikatai, tena nazifurahia. Lakini mchambuzi kama mama mkwe sijampata, na yeye hakuwa ameona filamu hata moja. "Wanaimba kisimani tangu asubuhi," alisema, "nyumbani nani anapika?" Nikimwambia kijana ameondoka kwao kwa hasira, angeuliza, "Na jembe aliacha wapi?" Kulikuwa na filamu ya mapacha waliopotezana utotoni wakakutana wakiwa wakubwa, mmoja askari, mwingine mwizi. Ghala zima lililia. Yeye alitupa magamba pembeni akasema, "Mapacha wapotee, kijiji kizima kisijue? Huko hakuna majirani?" Tangu siku hiyo mimi pia siiamini filamu isiyo na majirani.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa nne na sikuwa na mtoto. Mama mkwe hakuniambia neno. Lakini mume wangu alikuwa na baba wadogo wawili kule Mbita, na hao walikuwa wamekwisha kuhesabu miezi kwa niaba yetu. Kwao jambo lilikuwa jepesi na la heshima. Mke asiyezaa hafukuzwi, hiyo ni tabia ya washenzi. Mke asiyezaa anakwenda kwao mwenyewe, kwa miguu yake, anamleta mdogo wake aolewe pale pale, wawe wawili nyumba moja. Mke mwenza huitwa nyieka, na jina hilo limebeba wivu ndani yake. Basi heri nyieka wa damu yako, walisema, kuliko wa kuokotwa. Walisema kwa upole, na upole wao ndio ulionitisha.

Mdogo wangu alikuwa mmoja tu, darasa la saba kule Migori. Mwalimu wake alikuwa amekuja nyumbani mara mbili kumwambia baba kwamba msichana huyu ataendelea na sekondari, tena bila wasiwasi. Mimi mwenyewe niliachishwa darasa la nne, na nilijua uchungu wake. Shule zikifungwa Desemba, nilitakiwa niende nimlete. Mimi. Ni mimi ambaye ningemshika mkono. Sikulala vizuri miezi hiyo, na nikisema sikulala vizuri sitii chumvi.

Hapo ndipo filamu za Homa Bay zilipoanza kubadilika.

Nilianza kwa woga. Kulikuwa na ile ya mama aliyepofuka kwa kulia. Shemeji alituambia amepofuka kwa sababu mwanawe kapotea. Mimi nilipofika nyumbani nilisema amepofuka kwa sababu mumewe kaongeza mke. Mama mkwe alitikisa kichwa, akapara samaki. Wiki iliyofuata nikapata ujasiri: askari wa wale mapacha akaoa mke wa pili na wiki hiyo hiyo nyumba yake ikaungua, akafukuzwa kazi. Hata mwizi nilimwoza mke wa pili, akakamatwa kwa sababu wake walikuwa wakigombana mpaka nyumba ikaungua na polisi wakaona moshi.

Ile ya nne, ambayo ilichelewa kufika, ilinipa kazi zaidi, kwa sababu yenyewe ilikuwa kweli na wake wawili. Mkulima mmoja mwenye masharubu ana mke asiyezaa. Anaoa mke mdogo. Mke mdogo anazaa mtoto mnene wa kiume, na wake wote wawili wanamwimbia kando ya kisima, wamevaa bangili, wakicheka, kwa muda usiopungua robo saa. Sijapata kuona filamu mbaya kama hiyo. Nilirudi nyumbani mguu mzito, nikaketi, nikasema: "Mama, leo ilikuwa msiba." Nikamweleza jinsi mke mdogo alivyoingia tu mume akapoteza sauti, na katika filamu za Kihindi mume asiyeweza kuimba ni kama hayupo. Mvua ikakatika. Ng'ombe akatumbukia kisimani. Mwishowe nyumba ikaungua.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Hakuzaliwa."

Alimgeuza samaki upande wa pili. Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia. "Nyar Migori, mbona kila nyumba ya Wahindi yenye wake wawili inaungua? Huko hawana maji?"

Nikasema hata mimi nimeshangaa.

"Jumapili nitakwenda nawe," akasema, "ununue chumvi, mimi niangalie maji."

Kuhusu dhambi alikuwa amekwisha kupata njia. Angekaa ameipa shuka mgongo. Na kweli, Jumapili ile aliingia ghalani amejifunga leso mpaka kwenye nyusi, akachagua benchi la mbele, akakaa ametutazama sisi watazamaji. Watu mia moja tulikuwa tukitazama ukuta na yeye peke yake akitutazama sisi, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Shemeji alihangaika. "Mama, geuka! Sinema iko huku!"

"Mimi nasikia tu," alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe endelea na kazi yako."

Niliomba iwe ya mwizi. Ikawa ya wake wawili.

Alivumilia mpaka wimbo wa kwanza. Ngoma zilipoanza nilimwona bega lake linageuka kidogo, kisha shingo, kisha benchi zima likalia, na mama mkwe wangu, mwimbaji wa kanisa, akawa ameitazama dhambi ana kwa ana. Hakugeuka tena. Shemeji naye siku hiyo alikuwa na bidii. "Huyu bibi kubwa, hana mtoto!" alitangaza. "Huyu bibi ndogo, sasa naleta! Sasa iko mtoto! Wote furahi!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkulima aliimba kwa sauti yake yote, nzima kabisa. Mvua ilinyesha. Ng'ombe walipita mbali na kisima. Mtoto mnene alionyeshwa kwa karibu, mashavu yake yakajaa shuka nzima, na watu mia moja wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa saa moja na kidogo, na nilihisi kila hatua yake. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha kulia. Tulipoona mti wa boma letu alisema, "Shuka yao ina tundu pembeni," akaingia jikoni.

Siku nne baadaye baba wadogo walifika kutoka Mbita kwa mashua. Mkubwa alikuwa mpole, mwenye kusema sentensi moja kwa muda mrefu. Mdogo wake alikuwa amewahi kufanya kazi Kisumu na hakuruhusu mtu asahau jambo hilo. Walikaa sebuleni na mume wangu. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, nikiwasikiliza kwa makini mpaka maji yakanawisha sakafu.

"Hatumfukuzi mtu," alisema mkubwa. "Huyu ni mtoto wetu. Aende Migori amlete mdogo wake, wasaidiane."

"Ni kweli," alisema mume wangu.

Mama mkwe aliingia na bakuli la samaki, akaliweka mezani. Baba mdogo wa Kisumu akamgeukia. "Nyar Sindo, wewe ndiwe ushahidi wetu. Wewe mwenyewe uliletwa hapa na dada yako, Mungu amlaze. Hakuzaa, akakuleta, ukatuzalia huyu. Uliharibikiwa nini?"

Hakuna aliyekuwa hajui habari hiyo. Kaburi la dada yake lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe alilipalilia. Nilijua nimekwisha. Mwanamke angewezaje kukana njia iliyomleta?

Mama mkwe aliketi, jambo ambalo hakulifanya wanaume wakila. Akafuta mikono kwenye leso.

"Nimekwenda sinema," akasema.

Samaki alikwama kooni mwa baba mdogo wa Kisumu. Mume wangu alimpiga mgongoni.

"Nimekwenda, nimeona kwa macho yangu haya mawili, na nitajibu kwa Mungu. Kulikuwa na mkulima mwenye masharubu. Mkewe hazai. Akamletea mke mdogo." Na hapo, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa zaburi, akawasimulia filamu yangu. Sauti ya mume ikapotea. Mvua ikakatika. Ng'ombe akatumbukia kisimani, na yeye akaongeza wa pili. Nyumba ikaungua. Nilisimama mlangoni na birika tupu, sikuweza kumtazama usoni wala kuacha kumtazama.

"Labda ni hadithi tu," alijaribu mkubwa.

Mdogo wake aliumia. "Kaka, mimi nimeona sinema Kisumu. Ile ni picha. Huwezi kupiga picha kitu kisichokuwapo." Kisha, kwa ajili ya kumpima, akauliza: "Kulikuwa na farasi?"

"Wawili," alisema mama mkwe bila kusita. "Mweupe na mwekundu."

"Basi ndiyo yenyewe," akatuthibitishia.

"Na yule mke mdogo," mama mkwe akaendelea, sasa polepole, "siku alipoletwa alikuwa na kitabu mkononi. Dada yake akamwambia akiweke chini, ashike mtungi. Akakiweka."

Katika filamu hakukuwa na kitabu. Katika uongo wangu pia hakikuwapo.

"Halafu?" aliuliza mkubwa.

"Halafu nyumba ikaungua. Kuleni, samaki wanapoa."

Walikula. Mkubwa alisema mtu wa Sabato hawezi kutunga mambo, na tangu lini Wahindi wakachoma nyumba bure. Mume wangu, ambaye mama yake ndiye aliyesema mwisho, alisema ni kweli. Hawakusema jambo limekwisha. Walisema lingojee mavuno. Mavuno yalikuja mengi, na wote wawili wamekwenda kaburini jambo likiwa bado linangoja. Mtoto mimi sikumpata. Mdogo wangu alikwenda sekondari, akawa mwalimu, na hadi leo hunisahihisha barua nikimwandikia.

Lakini mdomo wa baba mdogo wa Kisumu haukungoja mavuno. Haukupita mwezi, kanisa zima lilikuwa limejua kwamba mama mkwe ameona sinema, tena yenye farasi. Aliitwa mbele ya wazee. Walimwuliza kama ni kweli aliitazama. Akasema aliitazama. Wakamwuliza kama anatubu. Akasema anatubu. Hakuna aliyefikiri kumwuliza kama ilikuwa hivyo alivyoisimulia. Wakamwondoa katika kwaya miezi mitatu, akae benchi la nyuma, asifungue mdomo nyimbo zikiimbwa. Yule mwanamke aliyeishi kwa sauti yake alikaa kimya Sabato kumi na mbili, nami nilikaa kando yake kila moja, nikiwa na aibu na shukrani ambazo sikujua pa kuziweka.

Jioni ya Sabato ya kwanza, tulipokuwa tukibandua uji, nilijikaza. Sikuthubutu kumwuliza kwa nini alinisaidia. Nilimwuliza kile kitabu alikitoa wapi.

Alikoroga uji muda mrefu.

"Kilikuwa cha kusoma," akasema. "Cha darasa la pili, cha misheni, kina picha ya ngamia. Nilikiweka hapo mlangoni, nikashika mtungi, nikaenda ziwani. Niliporudi hakikuwapo. Mpaka leo sijui nani alikichukua."